Njia ya Jomvu na Vumbi Lisiloonekana



Makala ya safari katika kurasa kama hizi aghalabu humpeleka msomaji Ngome ya Yesu, au Lamu, au kwenye magofu ya Gedi. Juma hili twawaomba mama zetu, dada zetu na jamaa zote mfuatane nasi mahali pasipo na tikiti wala kibao cha kueleza historia, ilhali historia yake imefika hadi Mahakama ya Juu ya nchi. Mahali penyewe si mbali. Mtu aweza kuondoka Mji wa Kale baada ya kufungua kinywa na akarudi kabla ya adhuhuri. Jina lake ni Owino Uhuru.

Atokaye kisiwa cha Mvita kwenda bara kwa njia ya magharibi hupita Makupa. Zamani palikuwa na tuta lililoziba mkondo wa maji. Leo pana daraja, na maji yapita chini yake. Kisha njia yapanda Changamwe, magari ya mizigo yakifuatana kama siafu, na matangi makubwa ya mafuta yakionekana kando, mahali palipokuwa pakisafishwa mafuta ghafi mpaka kazi hiyo iliposimama mwaka wa 2013. Mbele yake ni Mikindani, kisha Jomvu na Miritini. Wazee wa Mvita wakitaja Thenashara Taifa, Wachangamwe na Wajomvu wamo katika hesabu. Kwa hiyo majina haya ambayo leo makondakta wa matatu huyaita kwa sauti yalikuwa majina ya watu na miji kabla ya kuwa majina ya vituo. Viwanda vilikuja baadaye, na watu wa kuvifanyia kazi wakaja kutoka kila upande, wakapanga na kujenga palipopatikana. Ndivyo vinavyozaliwa vijiji kama Owino Uhuru.

Tulishuka garini karibu na Mikindani, tukaacha lami na kufuata njia ya miguu. Kijiji hiki kina watu wapatao 3,000. Nyumba ni za udongo na mabati, zimesongamana hata ukuta wa huyu ni ukuta wa yule. Kuku wachakura penye kivuli, watoto wacheza gololi mchangani, na akina mama wameketi vizingitini wakichambua mboga. Asiyejua habari atapita aone kitongoji kama vitongoji vingine vya Mombasa. Hakuna harufu, hakuna moshi, wala maji hayana rangi ya ajabu. Lakini upande mmoja wa kijiji kuna ukuta, na nyuma ya ukuta huo, kuanzia mwaka wa 2007 hadi 2014, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa risasi.

Tuieleze kazi yenyewe, kwani jambo lisiloeleweka halikingiki. Betri ya gari, au ile ya umeme wa jua iliyomo majumbani mwetu na katika madrasa nyingi, ina sahani za risasi zilizotumbukizwa katika tindikali. Ikichakaa haitupwi, kwa sababu risasi ina thamani. Huvunjwa, tindikali ikamwagwa, sahani zikatiwa katika tanuri. Risasi ni madini laini. Huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selisiasi, moto ambao hata mhunzi wa kawaida huufikia. Moto ukizidi, sehemu yake hupanda na moshi, ikapoa hewani na kurudi chini kama vumbi jembamba. Vumbi hilo hutua juu ya paa, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya udongo na juu ya sufuria iliyoachwa wazi. Wala halioti wala halifi. Majani huoza na mafuta huvunjika, lakini risasi iliyotua udongoni yaweza kubaki vizazi na vizazi.

Mama mmoja mtu mzima alitukaribisha kibarazani pake. Alimtuma mjukuu atuletee mkeka, kisha akatuonyesha mlizamu wa bati uliokuwa ukikinga maji ya mvua na kuyapeleka katika pipa. Alitueleza kuwa katika miaka ile maji ya mvua ndiyo waliyoyaona safi kuliko yote, maana yalitoka mbinguni na hayakulipiwa. Hapo ndipo ilipo hatari ya kemikali za namna hii. Maji hutoka mbinguni yakiwa safi, lakini hupita juu ya paa lililojaa vumbi kabla ya kufika mtungini. Macho hayaoni kitu, ulimi hauonji kitu, na mama humnywesha mwanawe kwa mapenzi yote.

Sasa tutazame yanayotokea mwilini. Mwili wa binadamu huidhania risasi kuwa ni chokaa ile inayojenga mifupa, ukaipokea na kuihifadhi. Mtoto mdogo huivuta zaidi kuliko mtu mzima. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa kwa kiasi kile kile kilichomezwa, mtoto aweza kufyonza mara 4 hadi 5 kuliko mkubwa. Tena mtoto hutambaa, hushika chini na kutia mkono kinywani. Ikishaingia, hushambulia ubongo unaokua: akili ya kujifunza hupungua, utulivu ukaondoka, na kikizidi kiasi huja degedege na mauti. Kwa mwanamke jambo lina sura nyingine inayotisha zaidi. Risasi iliyolala mifupani mwake kwa miaka huamka wakati wa mimba na wa kunyonyesha, mwili unapochota chokaa kumjenga mtoto, ikapita kwenye damu ya mimba na kwenye maziwa. Mama huwa hakukosa lolote, naye amemrithisha mwanawe sumu ambayo hakujua kuwa anayo.

Ndivyo ilivyojulikana habari ya Owino Uhuru. Bibi Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda kile, na mtoto wake mchanga akaugua. Maradhi ya kawaida yalipotafutwa yasionekane, damu ilipimwa ikakutwa ina risasi, na iliaminika kuwa imempata kwa njia ya maziwa. Mama huyo aliacha kazi, akaanza kuwapeleka majirani wapimwe, akaandika barua, akaandamana, akakamatwa, na akaunda kituo cha kutetea haki za mazingira. Mwaka wa 2015 alipewa tuzo ya kimataifa ya Goldman. Twataja jina lake kwa sababu habari zake zi wazi kwa wote, na kwa sababu binti zetu wapaswa kujua kuwa jambo lililoshinda ofisi nyingi lilianzishwa na mama aliyeuliza kwa nini mwanangu haponi.

Kesi ilifunguliwa Mombasa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mnamo Julai 2020 hakimu aliamua kuwa wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kwamba mahali pasafishwe, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 kwa kazi hiyo. Jambo lililotushughulisha zaidi sisi ni jinsi lawama ilivyogawanywa. Mtu angetaraji kuwa mwenye tanuri ndiye angebeba mzigo mkubwa. Lakini fungu kubwa kuliko yote, asilimia 40, liliwekwa juu ya NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira. Maana yake ni kuwa mahakama ilimwona mlinzi aliyelala kuwa na dhima kubwa hata kumpita aliyevunja. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa iliitengua hukumu ile ya malipo na kutaka hesabu ifanywe upya. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Tangu kiwanda kufunguliwa hadi uamuzi huo wa mwisho ni miaka 17. Mtoto aliyekuwa akitambaa siku ile moshi ulipoanza, leo ni kijana aliyemaliza shule, ikiwa alijaaliwa kumaliza.

Basi tulipokuwa tumeketi mkekani tulijiuliza: mlinzi alitakiwa kufanya nini? Sheria ya Kenya ya mwaka 1999 ya kusimamia mazingira inajibu. Kazi ya aina hii ina malango matatu. Lango la kwanza liko kabla ya kuanza: hufanywa tathmini ya athari, majirani wakaulizwa, na leseni ikatolewa au ikanyimwa. Lango la pili ni wakati wa kazi: moshi hupimwa, maji machafu hupimwa, na damu ya wafanyakazi hupimwa. Lango la tatu ni baada ya kufunga: mahali husafishwa na watu wakaangaliwa afya zao. Lango la kwanza likipuuzwa, mawili yaliyobaki huwa ni kukimbizana na maji yaliyokwisha kumwagika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ulikuwa karatasi moja ya tathmini, na ukuta ni mabilioni ya shilingi ambayo hayawezi kumrudishia mtoto akili iliyopungua.

Msomaji asidhani kuwa kulala kwa walinzi ni maradhi ya Afrika peke yake. Marekani ilitunga sheria yake kuu ya kemikali mwaka wa 1976. Wakati huo kemikali zipatazo 62,000 zilikuwa tayari sokoni, na zote ziliruhusiwa kuendelea bila ya kulazimishwa kupimwa kwanza. Ilikuwa juu ya serikali kuthibitisha madhara, na kuthibitisha kulikuwa kugumu mno. Mwaka wa 1989 serikali hiyo ilijaribu kupiga marufuku asbesto, ambayo ilikwisha kujulikana kuwa huleta saratani, na mwaka wa 1991 mahakama ikaibatilisha sehemu kubwa ya marufuku hiyo. Sheria ile haikurekebishwa kikamilifu mpaka 2016. Nchi za Umoja wa Ulaya zilifuata njia tofauti mwaka wa 2007: mwenye kutengeneza au kuingiza kemikali ndiye aletaye maelezo ya usalama wake, na asiyeleta maelezo hana soko. Tofauti ya njia hizi mbili ni swali moja: nani abebe mzigo wa kuthibitisha? Ikiwa ni mfanyabiashara, kipimo hufanywa maabara. Ikiwa ni umma, kipimo hufanywa katika damu ya watoto.

Risasi yenyewe ni ushahidi. Ilitiwa katika petroli tangu miaka ya 1920 ili injini zisigonge, na madaktari walionya tangu mwanzo. Kenya iliiondoa katika petroli mwaka wa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Aljeria, ikaacha kuiuza kwa magari mwaka wa 2021. Karibu karne nzima ilipita kati ya onyo na utekelezaji. Hata kiasi cha kutia wasiwasi kimekuwa kikishuka kila elimu inapozidi: wakuu wa afya wa Marekani walitumia mikrogramu 10 katika desilita moja ya damu ya mtoto mwaka wa 1991, wakashusha hadi 5 mwaka wa 2012, na 3.5 mwaka wa 2021. Shirika la Afya Duniani lasema wazi kuwa hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama.

Wala Owino Uhuru haiko peke yake. Huko Senegali, katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer kando ya Dakar, mji wa pwani wenye Waislamu wengi kama wetu, watu walikuwa wakivunja betri na kuchekecha mchanga ili kupata risasi. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walifariki. Huko hakukuwa na kiwanda kikubwa. Palikuwa na ungo, mchanga, na bei nzuri ya risasi.

Miji ya Kiislamu ya zamani ilikuwa na mtu wa kazi hii, akiitwa muhtasibu. Alizunguka sokoni akipima mizani, akichungua dawa na manukato kama yameghushiwa. Al-Shayzari, aliyeandika kitabu cha mwongozo wa kazi hiyo huko Shamu katika karne ya 12, aliwawekea masharti hata waoka mikate: paa la duka la tanuri liinuliwe na liwe na tundu pana la kutolea moshi. Tazameni, zaidi ya miaka 800 iliyopita mtu aliketi akafikiria moshi wa mkate uwafikie vipi majirani. Moshi wa betri wastahiki fikra kubwa zaidi ya hiyo. Na muhtasibu hakungoja mtu aje kulia mlangoni. Wajibu wake ulikuwa kutoka na kwenda kutazama.

Twapaswa pia kuwa waadilifu. Betri kuukuu lazima ziende mahali, na kuziyeyusha kwa utaratibu ni bora kuliko kuzizika au kuzivunja uani. Kazi ile iliwapa watu mishahara, na baadhi ya waliougua ndio waliokuwa wakiipokea. Tanuri lenye vichujio vya moshi, lililojengwa mbali na makazi, lenye kuwapa wafanyakazi bafu na nguo zisizotoka kiwandani, laweza kufanya kazi bila ya kuua jirani. Tunachodai ni kwamba gharama ya kichujio ilipwe na mwenye faida, isilipwe na mama anayechota maji pipani.

Tukiwa njiani kurudi tulihesabu pia yaliyomo majumbani mwetu, kwani risasi haikai Owino Uhuru peke yake. Wanja wa asili ya jiwe, ambao wengine huuleta kutoka safari na kuwapaka hata watoto wachanga, mara nyingine huwa ni madini ya risasi yaliyosagwa. Kupaka wanja ni jambo jema na la sunna, lakini chupa isiyojulikana kilichomo haina haki ya kufika jichoni mwa mtoto. Rangi za mafuta za zamani mlangoni na madirishani huwa na risasi. Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 katika sehemu milioni 1 za rangi, lakini rangi iliyopakwa kabla ya hapo bado iko ukutani ikibanduka. Na betri ya gari iliyochakaa, ambayo fundi humwaga maji yake mtaroni, nayo ni kiwanda kidogo.

Kwa hiyo twawausia jamaa zetu haya. Betri ikichakaa isivunjwe nyumbani wala karibu na kisima. Irudishwe kwa muuzaji ikiwa nzima, naye aulizwe aipeleka wapi. Baba au kijana afanyaye kazi ya betri, ya kuchomelea au ya kukwangua rangi avue nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Vumbi la sakafuni lifutwe kwa kitambaa kibichi kuliko kufagiwa kikavu. Mikono ya watoto ioshwe kabla ya kila chakula. Mama mjamzito na watoto wapate maziwa, dagaa, mboga za majani na kunde, kwa sababu mwili wenye chokaa na chuma cha kutosha hauipokei risasi kwa pupa. Na mtoto anayeishi karibu na kazi kama hizo, akiwa mzito wa kujifunza au analalamika tumbo kila mara, daktari aombwe wazi wazi kipimo cha risasi katika damu, maana asipoombwa huenda asikifikirie.

Haya ya nyumbani yatakinga kiasi, lakini hakuna kitambaa kibichi kitakachofuta moshi wa kiwanda. Hapo ni lazima raia ajue haki yake. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 champa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 chaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: anayekwenda mahakamani kuitetea haki hiyo halazimiki kuonyesha kwamba mtu yeyote amekwisha kupata hasara au kuumia. Hatutakiwi kungoja jeneza ndipo tuwe na hoja. Na kifungu cha 35 chatupa haki ya kupewa habari zilizomo katika ofisi za serikali. Basi kiwanda kikianza kujengwa mtaani, kamati ya msikiti, chama cha akina mama au wazazi wa madrasa waweza kwenda katika ofisi ya mazingira ya kaunti na kuuliza: tathmini iko wapi, ni nani waliohojiwa, na moshi utapimwa na nani kila lini? Siku ya kikao cha kuuliza majirani, mama zetu waende, hata ikiwa kikao kimewekwa saa za kupika. Wao ndio wanaojua maji hutoka wapi na mtoto hucheza wapi.

Yule mama wa kibarazani alipotusindikiza hakutuuliza juu ya mabilioni ya mahakama. Alitaka kujua kama mchanga ule utaondolewa, kwa sababu mjukuu wake huuchezea kila siku. Swali lake lawahusu wenye ofisi, na sisi twaliandika hapa kama alivyolisema ili wasiseme hawakuulizwa.

Wabillahi taufiq.